Jozi ya Nyumba Namba Kumi na Nne

"Nani amekuita hapa?"

"Orodha."

Maaike alimtazama Teun kuanzia kofia ya sufi hadi mabuti ya mpira yaliyofika mapajani, na nyundo aliyoichomeka mkandani. Wiki saba hawajasemeshana. Wiki saba nzima, na huyu bwana anakaa hatua arobaini tu kutoka mlangoni kwake, ndani ya tishari lililofungwa ng'ambo ya barabara. Moyo ulimdunda mpaka akaona haya.

"Orodha gani?"

"Usijifanye huijui. Soma simu yako."

Ujumbe ulikuwa umeingia tangu saa tano, kwenye kundi la mtaa. Aliyeuandika ni Tante Cobie, yaani Shangazi Cobie, mwanamke wa miaka sabini na sita anayeamrisha bandari ile ndogo bila kuchaguliwa na mtu.

"MAJI. Kilele saa tisa na dakika arobaini alasiri. Mita mbili na nusu. Mbao zote ziwe milangoni kabla ya saa nane. Jozi ni zilezile za orodha ya Oktoba. Atakayeandika humu habari isiyo ya maji, namtoa."

Nyumba za mtaa ule wa Dordrecht, Uholanzi, zimejengwa upande wa mto, nje ya tuta linaloukinga mji. Ikifika Novemba na upepo wa kaskazini magharibi ukaamua kuisukuma bahari irudi mtoni, kila mwenye nyumba hutoa mbao zake na kuzipachika kwenye mifereji iliyochongwa ubavuni mwa mlango, moja juu ya nyingine, maji yasiingie. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Mmoja anakaa ndani kugongea kabari, mwingine nje kukandamiza ubao na kupanga viroba vya mchanga. Wenye matishari nao hawawezi peke yao, maana maji yakipanda kamba lazima zilegezwe mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila Oktoba Tante Cobie anaandika jozi, nyumba na tishari.

Mwaka wa tatu huu namba kumi na nne imeandikwa pamoja na tishari la Teun. Na kwenye kugongagonga huko ndiko walikopendana. Walipoachana hakuna aliyekwenda kumwambia bibi yule. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aende akajiaibishe kwanza.

"Ungemwambia abadilishe," Maaike akasema.

"Ungemwambia wewe."

"Wewe ndiye unayehama."

"Nahama kesho. Leo bado nipo. Leta mbao."

Akashuka stoo akazileta, tano, nzito, zinanuka ukungu. Nje mtaa mzima ulikuwa mbioni. Nyundo zililia kila mlango, baiskeli moja ilikuwa imeangushwa na upepo na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuiinua, na majani ya mwisho ya miti yalikuwa yametanda barabara nzima ikawa ya njano. Kengele za Kanisa Kuu, lile lenye mnara uliolalia upande, ziligonga saa saba na nusu.

Ubao wa kwanza ukaingia.

"Gonga," Teun akasema kutoka nje.

"Nimegonga."

"Hiyo ni kugonga au kubembeleza?"

Maaike akaipiga kabari kwa nguvu mpaka plasta ikadondoka. Teun akacheka, kisha akakumbuka kwamba hawacheki siku hizi, akageukia viroba. Ubao wa pili.

"Unahamia wapi hasa?"

"Ghent. Nimepata nafasi ya kufunga tishari."

"Ubelgiji."

"Ghent bado iko Ubelgiji, ndiyo."

"Na umeamua hivyo tu."

"Mimi nimeamua?" Teun akaweka kiroba chini. "Maaike, nilisimama sebuleni kwako siku yako ya kuzaliwa. Watu kumi na tano wamekaa duara na vipande vyao vya keki ya tufaha. Nikakuomba nikuoe. Unakumbuka ulijibu nini?"

Alikumbuka vizuri sana. Alicheka kwanza. Halafu akasema, kwa sauti ya kumfikia hata shangazi yake kiziwi, kwamba hawezi kuolewa na mwanamume aliyefungwa kwa kamba mbili, siku moja ataamka akute mtoni patupu. Duara zima likaangua kicheko. Teun aliweka kikombe chake juu ya sahani, akashukuru kwa kahawa, akatoka.

"Ilikuwa mzaha," Maaike akasema.

"Haikuwa mzaha."

Kweli haikuwa mzaha. Akapokea ubao wa tatu upande wake, ukashuka mahali pake. Sasa alimwona Teun kuanzia tumboni kwenda juu.

"Basi nami nikaona nisikufanye mwongo," Teun akaendelea. "Ulisema nitaondoka. Naondoka. Umeshinda."

"Unaongea kama mtoto."

"Na wewe una kichwa cha kondoo kama wote waliozaliwa mji huu."

Hilo ni tusi la kale la watu wa Dordrecht. Linatokana na baba na mwanawe wa enzi hizo waliomvisha kondoo koti na kofia, wakamshika huku na huku, wampitishe lango la mji bila kulipa ushuru. Kondoo akalia palepale mbele ya mlinzi. Teun ni wa Zwijndrecht, ng'ambo ya mto tu, na watu wa ng'ambo hawachoki kuwakumbusha.

"Afadhali kondoo," Maaike akasema. "Kondoo anarudi zizini."

"Nani hakurudi?"

Swali lilimpata bila kinga. Nyundo ikabaki hewani.

"Baba yangu," akasema.

"Baba yako alikufa."

"Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akiwaambia watu. Hakufa. Alikuwa na tishari, palepale ulipofunga wewe. Nilikuwa na miaka tisa. Alisema anapeleka mzigo Antwerp, siku tatu. Nikamsaidia mimi mwenyewe kufungua kamba ya nyuma. Aliniachia nifungue kama zawadi, na mimi nikafurahi. Ndiyo mara ya mwisho kumwona."

Upepo ulivuma baina yao. Teun alikuwa ameshika ubao wa nne kifuani, ameusahau.

"Miaka mitatu, Maaike. Hukuniambia."

"Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia hapo hapo. Mimi nilikaa wiki saba nikidhani mtu mwenye nyumba ya mawe haoni heshima kuolewa na mtu wa kwenye maji."

"Nyumba ya mawe yenyewe hii naiziba kwa mbao."

Teun karibu acheke. Maaike aliona mdomo wake unavyohangaika. Lakini kutoka gatini Tante Cobie alipita na koti lake la njano, filimbi shingoni, akasimama.

"Namba kumi na nne, bado mko ubao wa nne? Mwaka elfu moja mia nne ishirini na moja, wiki kama hii, maji yalimeza vijiji kuzunguka mji huu. Sina shaka kuna waliokuwa wamesimama mlangoni wanabishana."

"Tunamaliza, Tante Cobie," wakajibu pamoja.

Ubao wa nne. Ubao wa tano. Sasa palibaki nafasi ya vichwa vyao tu. Teun akapanga viroba, akarudi, akaweka mikono yake yote miwili juu ya ubao wa mwisho.

"Maaike."

"Eeh."

"Kama ungenijibu leo badala ya Septemba, ungesemaje?"

Alikuwa nalo jibu. Lakini woga wa miaka ishirini na saba haufunguki kwa dakika moja, na kabla hajatamka neno filimbi ikalia gatini, ndefu, mara tatu.

"Teun! Tishari lako!"

Wote wakageuka. Maji yalikuwa yamekwisha kuvuka ukingo, yanateleza juu ya mawe ya barabara pamoja na majani yake. Hayakusubiri saa tisa. Tishari la Teun, Neeltje, lenye jina la bibi yake, lilikuwa limepanda nayo, lakini kamba hazikuwa zimelegezwa. Zililikaza upande wa gati likaanza kuinama. Sahani zilisikika zikivunjika ndani.

Teun alikimbia. Amechelewa kwa sababu ya mlango wangu, Maaike akawaza, na wazo hilo likamrusha. Akavuta kiti, akapanda, akavuka mbao tano alizozigongea mwenyewe, akatua nje kwa magoti kwenye maji baridi. Hakuwa na mabuti. Alikimbia na soksi.

"Wewe nyuma!" Teun akapaza sauti, akirukia sitahani. "Mimi mbele. Legeza pole pole!"

Maaike akafika kwenye gingi la chuma. Kamba ilikuwa imejikaba, imezama ndani ya mizunguko yake yenyewe. Akavuta. Akavuta tena mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka.

"Haitoki!"

"Jaribu tena!"

"Teun, haitoki! Imejikaba!"

Neeltje ikainama zaidi. Mbele, Teun alikuwa amefanikiwa kulegeza ya kwake, na hiyo ikafanya uzito wote uhamie nyuma. Akaja mbio hadi katikati ya sitaha, akaangalia kamba, akaangalia maji yaliyokuwa yanagusa dirisha lake la jikoni. Akachomoa shoka dogo lililoning'inia kando ya mlango, akalitelezesha juu ya ubao wa kupandia mpaka miguuni kwa Maaike.

"Kata."

Maaike alitazama lile shoka.

"Nikikata utakwenda."

"Usipokata nitazama."

"Teun, mimi siwezi kuifungua kamba hii. Aikate mwingine yeyote. Tante Cobie..."

"Hakuna mwingine. Jozi yangu ni wewe." Hakupiga kelele sasa. Alisema kama mtu aliye mezani. "Kata, Maaike. Kisha simama hapohapo. Usiondoke hapo."

Akakata. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, na kamba ikapasuka kwa mshindo ikapita karibu na sikio lake. Neeltje ikajiinua, ikatikisika, nyuma yake ikaachana na gati. Mita moja. Tatu. Sita. Baina yao pakawa na maji matupu ya kahawia, na Maaike akasimama pale pale akiwa tena na miaka tisa.

Teun hakuwepo sitahani.

Alihesabu pumzi. Majirani walikuwa wamekusanyika nyuma yake. Halafu mlango wa chumba cha injini ukafunguliwa kwa teke, Teun akatokea na kamba nyingine begani, mpya, nyeupe, akakimbia urefu wote wa tishari kuja kule nyuma.

"Shika!"

Ya kwanza ilianguka majini. Akaivuta, akaikunja mkononi, upepo unamrushia maji usoni.

"Sogea kulia. Shika, Maaike!"

Ikampiga kifuani. Aliikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto, akateleza kwenye majani, akaanguka, hakuiachia. Mkono wa Tante Cobie ukamkamata kola. Mikono mingine ikaja, ya mwoka mikate, ya mwalimu wa namba kumi na sita, wakavuta wote kwa pamoja, na Neeltje ikarudi taratibu hadi ikagusa gati. Maaike akaizungusha kamba kwenye gingi yeye mwenyewe. Mara nne. Hakumruhusu mtu mwingine kuigusa.

Kisha akasimama, maji yamemfika nusu ya miguu, nywele zimemganda usoni, akawaangalia watu wote wale. Zaidi ya nusu walikuwa ndani ya lile duara la Septemba.

"Mmenisikia nikimcheka," akasema, anahema. "Basi nisikieni na sasa. Teun Kloosterman, nimeikata kamba yako na umenirushia nyingine. Nakupenda. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa, na nataka unioe hivyo hivyo. Utanioa?"

Mwoka mikate akavua kofia.

"Mimi sijasikia," Tante Cobie akasema. "Upepo."

"Nimesema nataka anioe!"

"Sasa nimesikia. Teun, jibu, maji hayajafika kilele."

Teun alikuwa amesimama sitahani, maji yanamchuruzika kidevuni. Hakusema ndiyo. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu, akaipangusa kwa kofia, akabonyeza namba.

"Halo? Habari za mchana. Ni Teun, mwenye Neeltje. Mliniwekea nafasi Ghent kuanzia kesho." Akasikiliza. "Mpeni mtu mwingine. Hapana, siji. Wala wiki ijayo siji." Akasikiliza tena, macho yamemkazia Maaike. "Hapana bwana, injini ni nzima. Naoa."

Gati lote likalipuka kwa vifijo. Maaike akaketi chini ndani ya maji baridi, mkono mmoja juu ya kamba aliyoifunga, akalia kwa sauti bila kumficha mtu.