Saa ya Mzee Andati

Haya ni ya kweli tupu, naapa kwa kaburi la mama yangu. Mtu akinishika na neno moja la uongo, jogoo wangu mwekundu ni wake.

Jumapili adhuhuri, huko Khayega, Inspekta Jelagat alimkuta marehemu amelala ubavu zizini, povu mdomoni, ulimi nje. Marehemu alikuwa fahali, jina lake Tyson, bingwa wa mapigano Shinyalu nzima kwa miaka minne.

Pembeni, Were, aliyemlea tangu ndama, alikuwa amefungwa nguzoni kwa kamba, jicho limevimba. Umati ulitaka kummaliza. Kilichomwokoa ni mzee mmoja mstaafu, moyo wa simba, aliyejitupa katikati: "Mwacheni! Sheria ipo!"

Jelagat alimfungua Were, kisha akainamia beseni la molasi aliyolishwa fahali, akanusa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akachukua sampuli.

"Nani humlisha?"

"Mimi ndiye namlishanga, afande. Lakini asubuhi nilikuwa mtoni nakata nyasi."

"Nani alikuona?"

Were akatazama chini. "Hakuna."

"Mpeleke ndani, madam," alifoka Mzee Andati, mwenye fahali. "Sisi wengine tulikuwa kanisani."

"Muda wote, mzee?"

"Wimbo wa kwanza hadi baraka. Kiti cha nyuma. Hata choo sikuenda."

Jelagat alimtazama Were. Maskini bila shahidi: alishawaona wengi wakipotelea gerezani hivyo hivyo.

Nekoye, binti wa Andati aliyekuja kumtembelea kutoka Lurambi, alichukia kuona babake akihojiwa.

"Madam, baba ni mtu wa presha! Hiyo saa nilimnunulia mimi, inachunga moyo wake. Ikikaribia simu yangu inamwaga kila kitu. Ngoja uone alivyokuwa ametulia."

Ukiiona saa yenyewe, ungedhani ya babu: mishale, namba za Kirumi, mkanda wa ngozi. Nekoye akafungua simu. Kuanzia saa nne na dakika ishirini hadi saa tano kasoro kumi, ibada ikiendelea, hatua elfu moja mia mbili. Moyo mbio.

Akaifunika simu kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

Jelagat akatembea hadi kanisani akihesabu. Hatua mia sita. Akarudi. Mia sita.

"Mzee, ulikaa kiti cha nyuma ukitembea?"

"Hii ni saa ya mishale tu! Inahesabu masaa!"

"Inahesabu na miguu."

Andati akamtazama fahali, akaketi pale pale kwenye kinyesi.

"Tyson akishinda, walimbeba nani? Were! Walimwimba nani? Were! Kuna kijana alinisukuma uwanjani, ati, 'Mzee, pisha mwenye fahali.' Mimi niliyemnunua!"

"Ndiyo umfunge mtu bure?"

"Akiwa ndani, nani angemwimba?"

Nekoye ndiye aliyemvua babake saa, mkono upate kuingia pingu.

Nilisimulia haya juzi hotelini, chai ikipoa. Sikujua Were yuko meza ya nyuma.

"Mzee," akasema, "huyo moyo wa simba alikuwa nani? Mimi sikumwona. Nilifunguliwa na polisi."

Vichwa vikageuka.

"Na kamba? Waambie ilitoka kwa nani."

Kamba ilikuwa yangu. Fundo pia.

Nikaenda nyumbani, nikamkamata jogoo, nikamletea. Alikuwa anapiga mabawa vibaya, nikauliza nimfunge miguu na nini.

"Kamba unayo," Were akasema.