Usukani Umelegea Kidogo

Rafiki yangu fundi cherehani si mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana hili namwamini. Gari lake kuukuu aliuziwa na swahiba wake wa chanda na pete, aliyekuwa msimamizi wa harusi yake. Swahiba akaapa kwa mama yake kwamba gari halina neno, usukani tu umelegea kidogo.

Basi rafiki yangu akalipeleka gereji. Makanika akashuka kwenye shimo chini ya gari. "Bosi, kaa ndani uzungushe usukani, kushoto, kulia. Mimi nasikiliza panapogonga."

Akazungusha. Chini kukagonga: ko, ko. Mara umeme ukakatika, na gereji ile isiyo na dirisha ikawa giza totoro mchana kweupe. Akauachia usukani, akapakata mikono.

Ko. Ko. Ko.

"Basi, bosi, inatosha," makanika akasema kutoka shimoni.

"Mbona mimi sijaugusa?"

Kisha ko, taratibu zaidi. Akanyoosha mkono auzuie usukani, na juu ya mkono wake kikatua kiganja cha baridi, kikauongoza polepole kushoto, kama mzazi anayemfundisha mwanawe kuendesha.

Alivyotoka mle hajui mpaka leo. Nje juani, akampigia swahiba wake simu.

"Lile gari ulilonipa..."

Yule aliyeapa kwa mama yake akamkatiza kwa kunong'ona, "Amekushika mkono mmoja, au yote miwili?"