Wakwe Wanakuja Atrani

Kiti kisichokaliwa na mtu kilikuwa na joto. Loredana alikigusa akipita, akauondoa mkono upesi. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za Atrani, mji mdogo wa pwani ya Italia, kiti kimoja mezani huachwa kwa ajili ya Bibi wa Nyumba, jini la kike linalolinda kaya, na shangazi yake Filomena hakuwahi kumega mkate kabla ya kulikaribisha.

Siku hiyo Loredana hakuwa na nafasi ya majini. Alikuwa ametoka Milano kupanga likizo ya Agosti, maana wazazi wa mchumba wake walitaka kukaa wiki nzima. Nyumba haikuwa na kasoro: ilikaa juu kabisa mlimani, milimau uani, bahari yote chini ya dirisha. Kasoro aliiona kwa Filomena, aliyemlea tangu ana miaka minne kwa kufua mashuka ya hoteli, na ambaye hakujua kuzungumza bila kupiga kelele. Alimwonea aibu, kisha akajionea aibu mwenyewe.

Saa nane mchana mji mzima hufunga madirisha na kulala, na wazee husema hiyo ndiyo saa ya majini kutembea. Simu ikalia. Alikuwa Ortensia, mama mkwe mtarajiwa.

"Mpenzi, huko tutamkuta nani?"

"Hakuna mtu, mama. Yupo mtumishi mmoja tu, anapika na kufua."

"Ana adabu?"

"Mshamba kidogo, lakini hana neno."

Wakaendelea nusu saa nzima, wakipanga mashua, samaki, na nani alale chumba kipi. Kila mtoto wa Atrani anajua kwamba ukitaka kuisema vibaya nyumba au watu wake, toka nje ukasemee kwenye ngazi, Bibi asikusikie. Loredana aliyasema yale jikoni.

Alipokata simu, jikoni kulinukia maua ya mchungwa, na ilikuwa Julai, mwezi ambao michungwa haina maua. Juu ghorofani sketi ikasikika ikiburura sakafuni, ikashuka ngazi moja baada ya nyingine bila kishindo cha mguu, ikampita mgongoni na ubaridi kama wa kisimani, na ile harufu ikageuka ya maua yaliyooza ndani ya maji, naye akajibanza ukutani, mpaka mlango ukafunguka na Filomena mwenyewe akaingia, amevaa aproni safi.

"Samahani, bibie," alisema kwa sauti ya chini. "Nikuletee kahawa?"

"Shangazi, acha utani."

"Mimi?" Filomena akatabasamu kwa adabu. "Mimi nafua tu hapa, bibie. Sina ndugu."

Loredana alitimua mbio hadi kwa jirani, Bi Rachele, ambaye dirisha lake linatazamana na la Filomena. Bi Rachele hakumkaribisha ndani.

"Usimlaumu Bibi wa Nyumba," alinong'ona. "Filomena alikuwa macho, alisikia yote. Alinisemesha dirishani hapa, analia. 'Rachele,' anasema, 'nitamwomba Bibi anisahaulishe. Nikimkumbuka mtoto, nitamwita mwanangu mbele ya wakwe zake, nimwumbue.'"

Loredana akajishika kichwa. "Nifanye nini, Bi Rachele?"

"Pale uliposemea uongo, kasemee ukweli papo hapo, na kwa huyo huyo. Labda atakukumbuka."

Alirudi jikoni, akampigia Ortensia simu.

"Mama, yule si mtumishi. Ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Nilimwonea aibu."

"Sasa ulimfichia nini, Loredana? Mimi nilitaka tu kujua nimletee zawadi gani."

Loredana alitamani ardhi ipasuke immeze. Harufu ilikatika. Upepo wa bahari ukaingia, na nyumba ikawa nyumba tena.

"Shangazi!" aliita. "Shangazi, nisamehe!"

Filomena akatokea na taulo safi mikononi, uso mkunjufu, akamtazama kwa upole mwingi.

"Karibu sana, bibie," alisema. "Utakaa siku ngapi?"