Viatu Vilivyombana Mzee Soli

Baba yangu ni fundi viatu. Mtaani wanamwita Mzee Soli. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba yetu, na nyumba nzima inanuka gundi. Mama husema yeye aliolewa na gundi, Baba alikuja kama nyongeza.

Viatu vyake vyeusi Baba alivishona mwenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kuvipaka rangi ila yeye. Asubuhi moja vilikataa kuingia miguuni. Akavikodolea macho kana kwamba vimemtukana.

"Ngozi imesinyaa," alisema.

"Ngozi ya miaka yote hiyo ndiyo isinyae leo?" Mama aliuliza.

"Mke wangu, fundi ni nani hapa?"

Baba akishataja ufundi, hakuna wa kumweza.

Baba alivilowesha viatu, akavitia kalibu, ule mguu wa mti wa kutanulia ngozi. Vikaingia. Siku chache tu, vikabana tena. Akavitanua tena.

Mimi nilikuwa naona mengine. Asubuhi uso wake ulivimba. Jioni soksi zilimwachia alama nzito. Mgongo ulimuuma kwa kuinama, naye alimeza vidonge vya maumivu kila siku kama anayetafuna karanga. Dawa za presha alikwisha kuziacha zamani. "Siumwi," alisema, "nizimezee nini?"

Jirani yetu ni muuguzi. Siku moja alikuja kuchukua sandali zake, akamkuta Baba anahangaika na kalibu.

"Mzee wangu, hicho kiatu unamtanulia tembo?"

"Changu hiki, binti yangu. Ngozi inanichezea."

Muuguzi hakucheka. Alichuchumaa, akaubonyeza mguu wa Baba kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, kishimo kilibaki.

"Ngozi haina kosa, mzee wangu. Mguu ndio umevimba. Mkojo wako unatoa povu?"

Baba akatazama pembeni.

"Unatoa!" Mama alidakia. "Mimi nikadhani ni sabuni ninayosafishia choo."

"Mke wangu, mbele za watu!"

"Watu gani? Huyu ni muuguzi."

Muuguzi akavuta kigoda, akakaa.

"Tuna figo mbili, hapa nyuma, chini ya mbavu. Zinachuja damu. Uchafu na maji ya ziada vinatoka kwa mkojo. Presha na kisukari vinaziharibu polepole, na mara nyingi wewe husikii maumivu yoyote. Vidonge vya maumivu ukivimeza ovyo navyo vinaziumiza. Figo zikilemewa, maji yanabaki mwilini. Lakini miguu huvimba kwa sababu nyingine pia, hata moyo. Ndiyo maana lazima upimwe."

Baba aliweka nyundo chini. "Siendi," alisema. "Wakishakuambia figo, umekwisha."

Sauti yake ilitetemeka. Hapo nikaelewa. Baba hakuwa mbishi, alikuwa na hofu. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu, na moyo uliniuma.

Muuguzi aliinua sandali yake. "Hebu niambie, fundi. Uzi ukianza kukatika, mteja akuletee kiatu lini?"

"Siku hiyo hiyo!" Baba alijibu kwa ukali. "Lakini wanangoja mpaka soli inaning'inia, halafu wanataka miujiza!"

Akasikia alichokisema. Mama akaanza kucheka, mwisho Baba naye akacheka, huku akifuta macho.

Kesho yake tulimsindikiza hospitali. Presha ilikuwa juu sana. Wakapima mkojo, wakakuta una protini. Wakapima na damu.

"Figo zimeanza kuharibika," daktari alisema, "lakini bado zinafanya kazi. Sehemu iliyoharibika hairudi. Tulinde iliyobaki."

Alimwandikia dawa za presha za kumeza kila siku, hata akijisikia mzima. Chumvi apunguze. Vidonge vya maumivu na dawa za miti shamba asiguse kabla ya kuuliza. Arudi kupimwa kila akiitwa. Mimi nami nikapimwa siku hiyo, maana ugonjwa huu unaweza kuwa wa familia; nikakutwa salama.

Nyumbani Mama alikificha kikopo cha chumvi. Baba alilalamika kwamba mboga sasa zina ladha ya maji ya mvua. Alilalamika, lakini alikula. Dawa alizimeza, na kila asubuhi Mama alisimama mlangoni kuhakikisha.

Miezi ikapita. Asubuhi moja tulisikia pwata, pwata, pwata ukumbini. Baba alikuwa amevaa vile viatu vyeusi, na visigino vinachomoka.

"Ngozi imetanuka?" Mama aliuliza.

"Ngozi haina kosa," Baba alisema. "Mguu umepungua."

Mama alimshika mkono. Baba akakata ngozi nyembamba, akaitandika ndani ya kila kiatu. Vikamkaa sawasawa.

Kliniki bado anakwenda. Na siku hizi mteja akija kulalamika kwamba kiatu kinambana, Baba hakigusi.

"Lete mguu kwanza," anasema.