Kopo la Akiba

Rafiki yangu Beryl anayaonea mayai kinyaa mpaka leo. Mwaka wa 1952 baba yake alinunua gari kuukuu, linanuka petroli, wakaenda Cornwall, pwani ya Uingereza, kwa mwendo wa konokono. Mama yao aliwapa Beryl na kaka yake Nigel kopo la kutapikia kila mmoja. La tatu, la akiba, alilifunga kifuniko kwa kamba na kuliweka katikati yao.

Ukungu ukatia giza garini. Katikati yao wakasikia mtu akitapika.

“Nigel, mchafu wewe!”

“Mimi? Si wewe huyo!”

“Atakayenichafulia gari atatembea!” baba akafoka.

Waliposimama kunywa chai, chakula chao cha safari, mikate iliyotiwa mayai, kilikuwa hakijafunguliwa. Makopo yao yalikuwa makavu. La akiba, kamba haijaguswa, lilikuwa zito, vuguvugu, linanuka mayai.