Kidole cha Mara ya Pili

Natalina Keji wa Lobule hukaa barazani kila asubuhi, anabangua karanga. Kazi hiyo haina huruma na vidole. Vyake vimelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Siku ya soko, mume wake Yengi hufunga magunia kwenye baiskeli, nao wanakuja Koboko. Mimi nauza nyanya meza ya pili, kwa hiyo namjua vizuri. Kwenye karanga zake hukuti jiwe hata moja. Watu hununua kwa sababu ya jina lake.

Siku moja mwanamke mgeni alisimama mbele ya meza yake. Alikuwa Kiden, mfanyabiashara kutoka Oraba, kule mpakani.

"Wewe iko Natalina Keji?"

"Iko mimi. Karibu, mama. Nikupimie karanga?"

"Karanga gani! Mutu alinipigia simu, akasema iko na karanga gunia kumi. Nikatuma pesa. Kwa simu jina lako ndiyo lilitokea. Sasa karanga iko wapi? Mwizi wewe!"

"Haki ya Mungu, mama, mimi sijakupigia simu!"

Kiden alikuwa ameshakwenda polisi. Akamtupia Natalina barua ya wito: afike kituoni Jumatatu. Mteja aliyeshika kikombe cha kupimia alikirudisha mezani, akaenda zake. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisogeza meza yangu kidogo. Natalina aliniona.

Nyumbani, Yengi aliogopa kuliko mke wake.

"Mama watoto, nenda kwa shangazi yako, kule Adumi. Maneno yakipoa, utarudi. Na hiyo laini yako ya simu vunja, tupa chooni."

Natalina akaanza kufunga nguo. Mara akaingia jirani yao, Eyotaru. Huyu mama husaidia watu wa Lobule katika mambo ya sheria, na upuuzi hauvumilii kabisa.

"Safari ya wapi hiyo?"

Natalina akamweleza yote huku analia.

"Lo! Shemeji Yengi, unataka mke wako akimbie? Akikimbia, nani atamwamini tena? Na laini isivunjwe. Ni ushahidi wake. Keti, Natalina. Laini yako ulisajili wapi?"

"Sokoni, kwa yule kijana wa mwavuli, anayesajili laini. Alisema kidole kimekataa kwenye mashine, niweke tena. Nikaweka mara tatu."

"Hukushangaa?"

"Nishangae nini? Vidole vyangu hukataa kila mahali, sababu ya karanga."

Eyotaru akatikisa kichwa. "Nadhani kidole cha kwanza kilikubali, mama. Hivyo vingine alisajilia laini zake, kwa jina lako. Ameiba jina. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Hatungoji Jumatatu. Kesho tunaenda Arua. Beba kitambulisho."

Kesho yake walifika Arua, kwenye ofisi kubwa ya kampuni ya simu. Eyotaru alimwambia Natalina aseme mwenyewe.

"Nataka kujua laini ngapi ziko kwa jina langu," Natalina alisema.

Mhudumu akatazama. "Tatu."

"Tatu! Yangu ni moja tu!"

Akaandika malalamiko, akaomba hizo mbili zifungwe. Akaomba pia karatasi yenye namba zote, tarehe na saa ya kusajiliwa. Kisha akabadilisha namba yake ya siri. Kumbe laini zote tatu zilisajiliwa siku moja, na wakala mmoja, ndani ya dakika kumi.

Siku iliyofuata waliingia kituo cha polisi Koboko. Natalina alitoa maelezo yake.

"Usitie sahihi kabla hujasomewa," Eyotaru alimwambia. "Halafu omba namba ya kesi. Uiandike, uitunze pamoja na karatasi ya Arua. Mutu akikusumbua tena, unamwonyesha."

Askari aliisoma ile karatasi mara mbili. Moja ya zile namba mbili ndiyo iliyompigia Kiden. Wiki ya pili yule kijana wa mwavuli alikamatwa. Pesa za Kiden hazikurudi zote, nisiwadanganye.

Lakini siku ya soko Kiden alirudi. Alisimama palepale, akapaza sauti ileile.

"Watu wa soko! Juzi nilipiga kelele hapa. Leo napiga tena. Huyu mama hakuiba! Aliibiwa jina, kama mimi nilivyoibiwa pesa. Natalina, nisamehe. Nipimie karanga debe mbili."

Natalina alilia mbele yetu sote, huku anapima. Nami nikarudisha meza yangu karibu. Aliniona tena, safari hii akacheka.

Mchana Kiden alitaka kusajili laini mpya. Natalina hakumwacha aende kwa wakala yeyote wa barabarani. Tulimsindikiza mpaka ofisi ndogo ya kampuni ya simu, hapahapa Koboko. Kiden akaweka kidole.

"Kimekataa," kijana wa mashine alisema. "Weka tena, mama."

Natalina akamshika Kiden mkono, akauvuta nyuma.

"Ngoja kwanza. Tuonyeshe palipoandikwa kimekataa."

Kijana akageuza mashine. Natalina akainama, akasoma polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kweli kilikataa.

"Haya, dada," akasema. "Sasa weka."