Mfuko wa Mbelu

Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili, Tata Banza, yaani Baba Banza, alivaa nguo zake za kazi, akavaa na kofia, akaketi mlangoni kungoja king'ora cha kampuni ya shaba. King'ora hakikulia. Kilikuwa kimenyamaza tangu mwaka uliopita. Lakini mtu aliyeamshwa na king'ora kwa miaka ishirini haachi kukingoja kwa siku moja.

"Tata Huguette," mkewe, Mama Henriette, alimwita kwa jina la binti yao huku akikaanga vitumbua, "ile king'ora ilikufa. Kuya ushike hii mwiko."

Huo ulikuwa mwaka 1993, katika mtaa wa Kapata, nje kidogo ya Kolwezi. Kazi ilikuwa imesimama. Mishahara haikuja. Poso, yaani unga ambao kampuni iliwagawia wafanyakazi kila mwezi, nayo haikuja. Njaa ikishaingia nyumbani, watu hutafuta wa kulaumu. Wakalaumiwa majirani ambao babu zao walitoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba. "Warudi kwao!" watu walipiga kelele barabarani. Kwao wapi? Wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha.

Jumatano moja Huguette hakula kitumbua chake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na hakujulikana kwa kukataa vitumbua.

"Iko nini?" mama yake aliuliza.

"Tumbo inaniuma. Mi siendi ku masomo. Na kesho siendi. Na Ijumaa siendi."

Mama Henriette alikuwa na dawa moja tu ya tumbo. Lilikuwa bomba la mpira la kusafishia tumbo kutokea nyuma, lenye maji ya vuguvugu na pilipili kidogo. Alipoliondoa tu kwenye msumari wake ukutani, Huguette alipona kabisa.

"Mama, haina tumbo! Ni Stany!"

Basi akasema yote. Stany alikuwa mvulana mkubwa wa miaka kumi na mitano aliyerudia darasa la sita mara mbili. Alikuwa na kundi lake la wavulana wawili, na waliitwa Balume, yaani wanaume kamili, ingawa mmoja wao bado alinyonya kidole. Tangu kampuni ilipoacha kutoa poso, Stany alianza kukusanya poso yake: kila mtoto alitoa kitumbua au ndizi wakati wa mapumziko. Asiyetoa alipigwa makofi.

Lakini sasa Stany alitaka kitu kingine. Huguette alikaa dawati moja na Mbelu, binti wa Tata Badibanga. Familia hiyo ilikuwa ya asili ya Kasai. Wasichana hao wawili walizaliwa wiki moja, Kapata hapo hapo.

"Stany anasema, Ijumaa nilete mufuko ya Mbelu nyuma ya choo. Bataichoma na bitabu yote. Tena mi nivute bangi pamoja nabo. Njo batajua mi niko mutoto ya hapa. Nikikatala, bananipiga kila siku."

Mama Henriette alirudisha bomba kwenye msumari. Kwa ugonjwa huu bomba halikufaa. Alimshika binti yake mkono, wakaenda nyumba ya pili.

Hapo aliishi Mama Laurentine. Zamani alikuwa mwalimu katika nyumba ambamo kampuni iliwafundisha akina mama kushona, kupika na kulea watoto. Nyumba hiyo ilifungwa, lakini Mama Laurentine hakufungwa. Alibaki na fimbo yake ya kuonyeshea na picha moja kubwa ya inzi ya kufundishia usafi, na mtu yeyote aliyeingia kwake alianza kwa kuonyeshwa inzi.

"Mama Laurentine," alisema Mama Henriette haraka, "leo haina juu ya inzi."

Mama Laurentine aliweka fimbo chini shingo upande. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwanza," alimwambia Huguette, "ulifanya muzuri kusema. Kumwambia mukubwa haina kusaliti. Mutoto mwenye kunyamaza anamulindia mwizi mulango. Mi kesho nitaenda kuona Metre Mukuna, mwalimu yako, ku masomo."

"Na bangi, mama? Stany anasema inaleta nguvu."

"Nguvu? Angalia Stany. Miaka tatu darasa moja! Bangi inaingia mu kichwa ya mutoto saa kichwa bado inajengwa. Anasoma asubuhi, mangaribi amesahau. Moyo inapiga mbio. Anaona woga hata ya kivuli yake. Halafu anataka tena, na tena. Hii njo nguvu?"

"Hapana, mama."

"Sema tena hivyo hivyo! Hii neno njo tunaenda kufundisha. Kusema hapana ni kama kushona: mukono inajifunza kwa kurudia. Tata yako iko wapi?"

Tata Banza alikuwa mlangoni kwake, akingoja king'ora, nao wakamfuata huko uani. Alipoambiwa atakuwa Stany wa kuigiza, alifurahi mno, maana ilikuwa kazi ya kwanza aliyopewa tangu mwaka uliopita. Aligeuza kofia nyuma mbele, akavunja kijiti cha shina la muhogo, akakiweka mdomoni. Akaja akitembea kwa mabega.

"Wee Huguette! Vuta!"

"Mi... niko na kikohozi," alisema Huguette.

"Kikohozi? Hii njo dawa ya kikohozi! Vuta!"

"Mama atanipiga."

"Mama haiko hapa!" alisema Tata Banza, ingawa Mama Henriette alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, na mwiko mkononi.

"Nitavuta kesho."

"Muzuri! Kesho nitakuletea mbili!"

Mama Laurentine alipiga ukuta kwa fimbo. "Simama! Huguette, umeona? Kila sababu unamupa, yeye anapata jibu. Usimupe sababu. Weka miguu chini. Angalia uso yake. Sema 'hapana, sitaki', halafu ondoka uende kwenye batu. Tena usiende peke yako. Kamata barafiki babili."

Walirudia mara tano. Tata Banza alizidi kunogewa. Alitisha, alibembeleza, alipiga magoti. Mara ya sita Huguette aliweka miguu chini, akasema, "Hapana, sitaki," akaondoka. Tata Banza alibaki na kijiti chake, ameishiwa maneno.

Wakati huohuo jirani yao, Tata Louis, aliingia uani na wanaume wawili. Alishika chaki.

"Banza," alisema, "tunakutafuta. Tunapita nyumba za batu ba Kasai, tunaweka alama ku mulango, bajue batafukuzwa. Kuya na sisi kwa Badibanga. Akishaenda, ile nyumba ni yako. Iko na vyumba tatu!"

Tata Banza alikohoa.

"Mi... mugongo inaniuma," alisema.

"Hii kazi haitaki mugongo! Ni chaki tu!"

"Mama Huguette hatakubali."

"Wee ni mwanaume ao ni nini?"

"Basi... pengine kesho..."

Huguette alimtazama baba yake. Mama Laurentine alimtazama. Mama Henriette alimtazama, na mwiko ulikuwa bado mkononi. Tata Banza aliwaangalia wote watatu, na uso ukamshuka kwa aibu. Badibanga alikuwa fundi mwenzake kwa miaka kumi na minne. Walikula chakula cha mchana katika sahani moja.

Akaweka miguu chini. Akamtazama Louis usoni.

"Hapana, Louis. Sitaki."

"Juu ya nini?"

"Hapana, sitaki," alirudia Tata Banza, akaondoka kwenda kwenye watu. Watu wenyewe walikuwa mkewe, binti yake na Mama Laurentine, hatua tatu tu, lakini alifika.

Louis alimwangalia juu mpaka chini: kofia nyuma mbele, kijiti mdomoni. "Banza," aliuliza kwa hofu kidogo, "unavuta nini?" Hakungoja jibu. Aliondoka na wenzake, na siku hiyo mlango wa Badibanga haukuandikwa kitu.

Ijumaa ikafika. Usidhani Huguette hakuogopa. Lakini aliwakamata marafiki wawili, Bilonda na Mianda, na wakati wa mapumziko wakasimama pamoja watatu nyuma ya choo. Mfuko wa Mbelu ulibaki darasani, chini ya dawati.

"Mufuko iko wapi?" Stany aliuliza. Wenzake wawili walisimama nyuma yake. Alitoa msokoto wa bangi mfukoni. "Na wee, vuta."

"Hapana," alisema Huguette. Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

Balume wakacheka. "Kumbe uko mutumishi ya bale ba Kasai!"

Huguette aliweka miguu chini. "Hapana, sitaki!"

"Hatutaki!" walisema Bilonda na Mianda. Watatu wakageuka, wakaenda mbele, kwenye uwanja wenye watoto wengi. Mtoto mmoja mdogo aliyekuwa tayari ameshika kitumbua chake cha kumpa Stany akakitazama, akafikiri, akakila.

Stany aliwafuata mbio, ngumi juu. Hakumwona Metre Mukuna, ambaye kwa maneno ya Mama Laurentine alikuwa amesimama karibu na choo tangu kengele ilipolia, na kwa kweli hakupendezwa na harufu ya hapo. Metre alimshika mkono, akachukua msokoto, akaukunjua polepole. Majani yakamwagika. Mwalimu akavaa miwani, akasoma karatasi.

"'Mia moja arobaini na nne kugawa kwa kumi na mbili ni elfu moja.' Sifuri juu ya kumi. 'Stany, rudia.' Hii ni mwandiko yangu!"

Uwanja mzima ulicheka.

"Stany, daftari yako yote umeivuta?"

"Imebaki kurasa mbili, Metre."

Watoto walicheka mpaka wakajishika mbavu. Hata wanaume kamili wawili walicheka. Ndipo Stany akaanza kulia. Alikuwa mkubwa, na mabega yake yalitikisika, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Nikivuta, sisikii njaa," alisema.

Baba yake alikwenda mbali kutafuta shamba, na hakurudi. Nyumbani alibaki na bibi yake mgonjwa. Hilo halikufanya makofi yake yawe mazuri. Lakini Metre Mukuna alielewa kwamba viboko havitajaza tumbo. Mchana huo alikwenda naye kwa Mama Laurentine.

Stany alionyeshwa inzi kwanza, kisha wakazungumza. Wakapatana hivi: Stany atachota maji ya Mama Henriette kila asubuhi, na atakula vitumbua vyake kwa jasho. Poso ya makofi imekwisha. Jioni atajifunza hesabu barazani kwa Mama Laurentine. Na mtoto pekee wa darasa la sita aliyeweza kueleza kugawanya hata mbuzi akaelewa alikuwa Mbelu.

"Mi?" Mbelu alisema alipoitwa. "Huyu alitaka kuchoma bitabu yangu!"

"Una haki ya kukatala," alisema Mama Laurentine. "Sema hapana, kama unataka."

Mbelu alimgeukia Stany. "Aombe musamaha kwanza. Mbele ya darasa yote."

Stany aliomba, macho chini, sauti ndogo. Haikuwa rahisi baada ya hapo. Wiki ya kwanza alitetemeka, aligombana na ndoo. Wiki ya tatu alivuta tena, akaja mwenyewe kusema. Mama Laurentine hakumfukuza. Alimwambia, "Leo ni siku ya kwanza tena." Kufika mwezi wa tano, Stany aliweza kugawanya.

Natamani kuandika kwamba mambo ya wakubwa nayo yalinyooka hivyo. Hayakunyooka. Hapana ya Tata Banza ilizuia chaki siku moja, na baada yake majirani wengine wanne wakamkatalia Louis, lakini walikuwapo akina Louis wengi mno. Mwezi wa sita Tata Badibanga alisema, "Rafiki yangu, tunaenda. Nataka batoto balale bila woga." Tata Banza alilia wazi, hakujificha.

Siku ya safari, hakuna mtoto wa darasa la sita aliyerusha jiwe. Walikuja wote kubeba mizigo mpaka stesheni. Tata Banza alibeba godoro. Stany alibeba cherehani kichwani, kilomita zote, na alimkataza mtu yeyote kumpokea. Na Huguette alibeba mfuko wa Mbelu mgongoni, na ndani hakikukosekana kitabu hata kimoja.

Treni ilipopiga honi, Tata Banza alishtuka, akashika kofia yake, akataka kwenda kazini. Mbelu alicheka huku machozi yakimtoka. Alimkumbatia Huguette, akafungua mfuko, akatoa daftari lake la hesabu, safi, limejaa mwandiko mzuri. Akampa Stany.

"Hii ni ya kusoma," alisema. "Usiivute."

Mwisho wa mwaka wa shule, Huguette alifaulu, na Stany alipata sita juu ya kumi katika hesabu. Metre Mukuna alimwomba alete lile daftari, akalifungua ukurasa kwa ukurasa mbele ya darasa, akihesabu kwa sauti. Kurasa zote zilikuwamo. Hata jalada.